Anza na kunde kabla ya kueleza haki ya tabianchi

Mwalimu mwenzangu unayefundisha mabadiliko ya tabianchi katika shule ya msingi, usianze na fasili ya haki ya tabianchi ubaoni, yaani swali la nani anayechafua hewa na nani anayeumia. Anza na kunde. Chukulia punje moja kuwa kilo 100 za hewa ya ukaa, ile inayoipasha dunia joto, anazosababisha mtu mmoja kwa mwaka, kisha mwite mwanafunzi mmoja awe Mmarekani na umhesabie punje 140 hivi, na mwingine awe Mtanzania, ambaye hatapata hata punje tano. Usiharakishe kuhesabu, kwa maana ule muda mrefu wa punje kudondoka moja moja kwenye sahani ya bati, wakati sahani ya pili imekwisha kunyamaza, ndio somo lenyewe.

Hapo ndipo uwasimulie habari za Kimbunga Idai, kilichoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019 na kuua watu zaidi ya elfu moja huko, Malawi na Zimbabwe, kisha uwaulize ni nani anayepaswa kulipia nyumba zilizosombwa. Watoto wakimlaumu mwenzao wa punje nyingi, na watamlaumu, wakumbushe kwamba hesabu hiyo ni wastani, na kwamba Marekani nako wapo maskini wanaoingiliwa na mafuriko. Waache wabishane kwanza. Baadaye waambie kwamba swali hilo hilo lilijadiliwa Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022, nchi zilipokubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na majanga ya tabianchi.