Kumchagulia Mtoto Wimbo wa Kwanza wa Chelo Jukwaani

Mchagulie mtoto anayejifunza chelo, ala kubwa ya nyuzi inayopigwa mpigaji akiwa ameketi, wimbo ambao ameumudu kwa wiki kadhaa, si ule anaohangaika nao bado, kwa kuwa mbele ya watu mikono hutetemeka na upinde, ile fimbo yenye nywele ya kusugulia nyuzi, hukwaruza hata pale palipokuwa pepesi nyumbani. Mimi hupenda kuanza na "Wimbo wa Furaha" wa Beethoven, kutoka simfonia yake ya 9 ya mwaka 1824, upigwe katika D meja, yaani ngazi ya noti inayoanzia D. Karibu noti zake zote hufuatana ngazi kwa ngazi: D hupigwa bila kubana uzi, E kwa kidole cha kwanza, F shapu (F iliyopandishwa kidogo) kwa cha tatu, G kwa cha nne, kisha A kwenye uzi wa juu usiobanwa. Pagumu ni mahali pamoja tu, mwishoni mwa mstari wa tatu, ambapo sauti hushuka ghafla hadi A ya chini, iliyo kwenye uzi wa G. Hapo mfundishe asimamishe upinde, auegemeze taratibu kwenye uzi huo, ndipo avute. Rudieni hatua hiyo peke yake, polepole, kila siku. Kabla ya onyesho, hakikisha kiti atakachokalia kinairuhusu miguu yake kukanyaga sakafu.