Somo: Kuijaribu kesi mbele ya kikundi cha majadiliano kabla ya siku ya kusikilizwa

Kenya haina jopo la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaosikiliza kesi na kuiamua. Enzi ya ukoloni, mshtakiwa Mzungu ndiye aliyekuwa na haki ya kuamuliwa na jopo, tena la Wazungu wenzake. Wengine walipewa wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga jaji, na hata hao waliondolewa katika Mahakama Kuu mwaka 2007. Hata hivyo, wakili wa Mombasa ana la kujifunza kutokana na mawakili wa Marekani, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakizijaribu kesi zao mbele ya raia wachache, yaani kikundi cha majadiliano, kabla ya kuzifikisha kwa wanajopo.

Kwanza tuelewe wanajopo husikilizaje. Nancy Pennington na Reid Hastie, watafiti wa Marekani, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba wanajopo hawapimi kielelezo kimoja kimoja na kujumlisha mwishoni. Wao hutunga kisa kinachounganisha yale waliyoyasikia, kisha hutafuta uamuzi unaolingana na kisa hicho. Panapokuwa na pengo, hulijaza kwa yale wanayoyajua kutoka maishani mwao, na wakili hana habari kwamba limejazwa. Kazi ya kikundi ni kukuonyesha mapengo hayo mapema.

Tuchukue kesi ya kubuni. Mama muuza mahamri amegongwa na tuktuk Mwembe Tayari alfajiri, naye anadai fidia. Faili ina abstrakti ya polisi (muhtasari wa taarifa ya ajali), fomu ya P3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha) na ripoti ya daktari.

Hatua ya 1. Andika maelezo ya pande zote mbili, ukurasa mmoja kila upande. Upande wa mpinzani mpe mwenzako hodari auandike, kwa kuwa ukiuandika mwenyewe utauandika legelege bila kujua. Chunga maneno: Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 kwamba watu walioulizwa kasi ya magari “yalipobamizana” walitaja wastani wa karibu maili 41 kwa saa, na walioulizwa kuhusu magari “yalipogusana” wakataja karibu 32, ilhali wote walitazama filamu zilezile.

Hatua ya 2. Tafuta watu sita hadi kumi wasiowajua wahusika. Jamaa zako hawafai, wala wanafunzi wa sheria. Changanya mtu wa Likoni anayevuka feri kila siku, dereva wa Changamwe, mama wa nyumbani wa Mji wa Kale na karani mstaafu.

Hatua ya 3. Wasijue unamwakilisha nani. Mwongozaji awe mtu mwingine, nawe ukae kando na daftari, kimya.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hiyo usiharakishe. Toa habari kidogo kidogo, na kila baada ya kipande simama uulize: “Mngependa kujua nini zaidi?” Katika kesi yetu, wakili amejiandaa kuzungumzia leseni ya dereva iliyokwisha muda. Kikundi hakiigusi leseni. Mmoja anauliza, “Sinia lilikuwa kichwani au mkononi?” Mwingine anadakia kwamba mwenye sinia kichwani hageuzi shingo upesi, na wa tatu anauliza kama taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Kwa kauli hizo tatu wamekwisha kumtwika mama sehemu ya uzembe, na hakuna karatasi hata moja katika faili inayowajibu.

Hatua ya 5. Kila mmoja aandike uamuzi wake kabla ya mjadala, la sivyo mwenye sauti kubwa atawaamulia wote. Kisha waache wabishane, na usimsahihishe anayeikosea sheria, kwani kosa lake ni habari kwako.

Hatua ya 6. Rudi kwenye faili utafute ushahidi unaojibu maswali yao. Shahidi asifundishwe maneno mapya. Anaulizwa tu yale ambayo hukuwahi kumuuliza.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi, Kisauni: Shikamoo mwalimu. Hakimu amesomea sheria. Raia wanane watanisaidiaje kumjua?

Jibu: Marahaba. Hawatakutabiria hukumu, na anayehesabu kura zao kama matokeo anajidanganya. Ila utafiti wa mwaka 2001 uliowahusisha majaji 167 wa mahakama za shirikisho za Marekani ulionyesha kwamba nao huvutwa na tarakimu waliyotajiwa mwanzo, na huliona tukio kuwa lilitabirika baada ya kujua lilivyoishia. Tofauti kubwa ni kwamba hakimu wetu huandika sababu za hukumu. Kwa hiyo usimpe machozi pasipo na kielelezo.

Wakili mchanga, Tudor: Je, siri ya mteja?

Jibu: Pata idhini yake kwa maandishi, badilisha majina na mahali, na kila mshiriki atie sahihi ya kutunza siri. Ripoti ya daktari usiigawe. Isimuliwe kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu taarifa za afya pia.

Mwanachama, Bamburi: Gharama je?

Jibu: Nauli, chai na posho ya nusu siku, na posho iwe sawa kwa wote.

Mwanachama, Majengo: Njia hii inafaa katika mirathi mbele ya Kadhi?

Jibu: Mafungu ya warithi yamewekwa na sharia, na hakuna masimulizi yatakayoyabadilisha. Lakini mara nyingi ugomvi huwa juu ya jambo lililotokea: mtoto mmoja anadai nyumba alipewa hiba, yaani zawadi, baba akiwa hai, nduguze wanakana. Hapo kikundi kitakuonyesha kama ushahidi wa jirani aliyemwona mzee akikabidhi funguo unasikika kama hiba, au kama mzee aliyemwachia mwanawe nyumba aitunze tu.