Kukompaili kerneli ya Linux ya Raspberry Pi 4 kwenye kompyuta ya Intel

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja yenye prosesa ya aina ya ARM, inaweza kujikompailia kerneli yake yenyewe, yaani kugeuza msimbo wa kiini cha mfumo endeshi kuwa programu inayoendeshwa na prosesa, ila kazi hiyo huichukua muda mrefu mno, ilhali kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel au AMD huimaliza mapema. Tatizo ni kwamba prosesa hizo hazisemi lugha moja na ARM, kwa hiyo tunahitaji kompaila inayofanya kazi kwenye Intel lakini inayotoa msimbo wa ARM wa biti 64.

Hatua ya 1. Kwenye Debian au Ubuntu, sakinisha vifaa, kisha upakue msimbo:

sudo apt install git bc bison flex libssl-dev make gcc-aarch64-linux-gnu
git clone --depth=1 https://github.com/raspberrypi/linux
cd linux

Hatua ya 2. Taja usanifu na kompaila, kisha uandae usanidi:

export ARCH=arm64
export CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-
make bcm2711_defconfig

Kistari cha mwisho kisiachwe, kwa kuwa make hukiunganisha na gcc ili kupata jina kamili la kompaila. Ukifungua terminali nyingine, rudia mistari miwili ya export. Bila hiyo, make itadhani unaijengea kompyuta uliyoikalia, na dalili yake ni maswali mengi kuhusu prosesa za x86 yanayojitokeza kwenye skrini. Ukiyaona, usijibu hata moja: bonyeza Ctrl+C, kisha uanze upya hatua hii.

Hatua ya 3. Kompaili:

make -j4 Image modules dtbs
file vmlinux

Neno dtbs linahusu mafaili yanayoieleza kerneli vifaa vilivyomo kwenye ubao, maana mbao za namna hii hazina njia ya kuvitambulisha vyote zenyewe. Jibu la amri ya file lazima liwe na neno aarch64. Likisema x86-64, usiendelee.

Hatua ya 4. Unganisha sehemu ya kwanza ya kadi ya SD ya Pi kwenye /mnt/boot na ya pili kwenye /mnt/root, weka nakala ya mafaili ya zamani ya dtb kabla ya kuyafunika, kisha:

sudo make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- INSTALL_MOD_PATH=/mnt/root modules_install
sudo cp arch/arm64/boot/Image /mnt/boot/kernel8-mpya.img
sudo cp arch/arm64/boot/dts/broadcom/*.dtb /mnt/boot/
sudo cp arch/arm64/boot/dts/overlays/*.dtb* /mnt/boot/overlays/

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mimi nilipoteza jioni nzima: kwa kawaida sudo haichukui vigeu ulivyoviweka kwa export, hivyo ni lazima uvitaje tena katika mstari huohuo. Ukisahau INSTALL_MOD_PATH, moduli za ARM (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vinapohitajika) zitaingia katika /lib/modules ya kompyuta yako badala ya kadi.

Hatua ya 5. Ongeza kernel=kernel8-mpya.img katika config.txt, faili la mipangilio ya Pi lililomo katika sehemu ya kwanza ya kadi. Kerneli ya awali inabaki salama, na kuirudia ni kufuta mstari huo mmoja na kurejesha dtb zake. Pi ikishawaka, jibu la amri ya uname -r, inayoonyesha toleo la kerneli inayotumika, lilingane herufi kwa herufi na jina la folda mpya iliyomo katika /lib/modules.