Mtihani wa Kifaransa kidato cha nne: fikiri kwa Kiswahili, Kiingereza kiweke kando

Mtihani wa Kifaransa wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hauhitaji maneno elfu kumi. Unahitaji maneno ya kawaida yaliyoandikwa sawasawa mpaka herufi ya mwisho. Alama huondoka kwenye mikia ya maneno: e iliyosahauliwa, s iliyoachwa, kitenzi kilichobaki kama kilivyo kwenye kamusi. Na mikia hiyo hupotea zaidi kwa mwanafunzi anayetunga kichwani kwa Kiswahili, akageuza kwa Kiingereza, ndipo akaandika Kifaransa. Amevuka madaraja mawili pahala pa moja, na la Kiingereza ndilo bovu. Mwongozo huu ni wa wiki kumi, kwa hiyo anza Agosti, si Oktoba.

Hatua ya 1: Vifaa

Daftari moja kubwa, kalamu mbili za rangi tofauti, kamusi ya karatasi na mitihani ya nyuma ya miaka sita. Programu za kutafsiri kwenye simu ziache mpaka mtihani upite. Zinakupa sentensi safi, lakini hazikuonyeshi ulipokosea.

Hatua ya 2: Nomino na jinsia yake

Hakuna mtoto wa Wete wala wa Makunduchi anayesema "kiti mzuri". Hakukariri kanuni. Neno limemjia na ki- yake tangu mwanzo. Kifaransa kifanye vivyo hivyo: usiandike *plage* peke yake, andika *une plage*. Tumia un na une, usitumie le na la, kwa sababu mbele ya irabu zote mbili hugeuka l' na jinsia ikajificha. Ukikariri *l'école* hujui kitu; ukikariri *une école* umemaliza. Za kike ziandike kwa rangi moja, za kiume kwa nyengine.

Mikia inasaidia. Maneno ya -tion na -ette karibu yote ni ya kike. Ya -ment, -isme, -eau na -age mengi ni ya kiume. Vighairi vinavyotokea sana: *une plage, une page, une image, une cage*, na *l'eau* na *la peau*, zote za kike.

Hatua ya 3: Pahala Kiswahili kinapokubebea

Mwanafunzi anayepitia Kiingereza huandika *je suis seize ans*. Anayetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili hakosi, maana nina miaka kumi na sita ni *j'ai seize ans*. Nina njaa: *j'ai faim*. Nina kiu: *j'ai soif*. Nina usingizi: *j'ai sommeil*.

Nakaa Wete tangu mwaka 2019: *J'habite à Wete depuis 2019*. Kitenzi kiko wakati uliopo katika lugha zote mbili. Kiingereza ndicho kinachokutia kwenye wakati uliopita.

Kwa bibi ni *chez ma grand-mère*, kwa daktari *chez le médecin*. Na "-ake" yetu hufuata kitu, haimfuati mwenye kitu: kitabu chake, mama yake, vitabu vyake. Kifaransa hivyo hivyo: *son livre, sa mère, ses livres*, awe ni Ali au Asha. Tahadhari moja tu: neno la kike linaloanza kwa irabu huchukua *son*, kama *son école*.

Kivumishi nacho hukaa nyuma, nyumba nyeupe, *une maison blanche*, isipokuwa kikundi kidogo kinachotangulia: *petit, grand, bon, beau, jeune, vieux, nouveau*.

Hatua ya 4: Nyakati zilizopita

Hii ipe wiki nne kati ya kumi. Skuli huanza na orodha za vitenzi. Anza na viambishi vyako mwenyewe.

Tukio la -li- lililotokea likamalizika ni *passé composé*. Nilikwenda Chake Chake: *Je suis allé à Chake Chake*. Jambo la kujirudia, "nilikuwa niki-", ni *imparfait*. Nilikuwa nikienda sokoni kila Jumamosi: *J'allais au marché tous les samedis*. Ukiona -li- peke yake, jaribu kuigeuza iwe "nilikuwa niki-". Maana isipobadilika, ni *imparfait*.

Jaribio hilo hukwama kwa vitenzi vya hali: kutaka, kujua, kuwa, kuwa na. Hivi katika insha ya skuli vipe *imparfait* hata kama Kiswahili kina -li- kavu. Nilitaka kununua pweza: *Je voulais acheter du poulpe*. Kulikuwa na watu wengi: *Il y avait beaucoup de monde*.

Mtego mkubwa zaidi ni -me-, na huu vitabu vya Kiingereza haviwezi kukuonya kwa sababu Kiingereza hakina kitu kama hicho. Amevaa shati jeupe si *il a porté*, ni *il porte une chemise blanche*. Amelala ni *il dort*. Amekaa ni *il est assis*, amechoka *il est fatigué*. Lakini amefika ni *il est arrivé*. Jiulize: hiyo -me- inaeleza hali ninayoiona sasa hivi, au tendo lililokwisha? Hali, tumia wakati uliopo. Tendo, *passé composé*.

Sasa chukua sentensi moja uichambue yote: Tulipofika bandarini, boti ilikuwa imeshaondoka. *Quand nous sommes arrivés au port, le bateau était déjà parti.* Tulipofika ni tukio, na *arriver* huchukua kitenzi kisaidizi *être* (kuwa), kwa hiyo *sommes*. Sisi ni wengi, kwa hiyo *arrivés* na s, na kama wote ni wasichana, *arrivées*. "Ilikuwa imesha-" ni *plus-que-parfait*: msaidizi huingia kwenye *imparfait*, *était*. *Bateau* ni la kiume, kwa hiyo *parti* bila kitu. Badilisha boti iwe gari, *la voiture*, na mkia unabadilika: *était déjà partie*. Sentensi kumi za namna hii kwa siku, kwa mkono, zinatosha.

Vitenzi vya *être* vikariri kwa jozi, si kwa kile kifupi cha Kiingereza cha herufi za mwanzo za vitenzi (DR MRS VANDERTRAMP), ambacho chumba cha mtihani humsahaulisha mtu nusu yake: *aller* na *venir*, *arriver* na *partir*, *entrer* na *sortir*, *monter* na *descendre*, *naître* na *mourir*, kisha *rester* na *tomber*, pamoja na watoto wao *rentrer, retourner, revenir, devenir*. *Monter, descendre* na *sortir* vikichukua yambwa (kitu kinachotendwa) huhamia kwa *avoir* (kuwa na): *Elle est descendue du bateau*, lakini *Elle a descendu les sacs*. Vitenzi vya *se* (vya kujitenda) vyote ni *être*: *Elle s'est levée*. Ila *Elle s'est lavé les mains* haina e, kwa sababu kilichooshwa ni mikono na imetajwa nyuma. Kwa *avoir* mkia haumfuati mtenda hata siku moja: *Elle a mangé*, basi.

Hatua ya 5: Saa

Hapa Kiswahili ndicho kinachokudanganya. Saa mbili asubuhi ni *huit heures*. Ongeza au toa sita kabla hujagusa kalamu: saa tatu kasorobo asubuhi ni *neuf heures moins le quart*, saa sita mchana ni *midi*, saa sita usiku ni *minuit*. Saa tisa na nusu alasiri ni *trois heures et demie*, au kwa saa za ratiba *quinze heures trente*. Usichanganye ukaandika *quinze heures et demie*.

Siku nayo. Wazee wetu wakisema usiku wa Ijumaa, Mfaransa anasema *jeudi soir*. Kwenye insha ya harusi kosa hili humvuruga msomaji ratiba nzima.

Hatua ya 6: Masikio na ulimi

Redio ya RFI ina taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi, dakika kumi, pamoja na maandishi yake mtandaoni. Ipakue bando likiwepo. Usisikilize yote: sikiliza sentensi moja, simamisha, iandike, endelea mpaka zifike nane, kisha linganisha na maandishi. Herufi r ya Kifaransa iko karibu na gh ya ghali, na watu wa visiwani tunayo tayari. Kwa u ya *tu*, tamka i halafu kunja midomo kama unapiga mbinja. Usipofanya hivyo *dessus*, juu, itakuwa *dessous*, chini.

Hatua ya 7: Barua

Barua rasmi ina mifupa isiyobadilika, ikariri: *Zanzibar, le 12 mai 2025*, mwezi kwa herufi ndogo, *Monsieur le Directeur,*, na mwisho *Veuillez agréer, Monsieur le Directeur, mes salutations distinguées.* Unayemwamkia shikamoo, mwandikie *vous*, na ukianza na *vous* usimalizie na *tu*. Katikati ya barua andika sentensi fupi.

Hatua ya 8: Mitihani ya nyuma

Wiki tatu za mwisho, fanya miwili kwa wiki, kwa saa ya ukutani, bila kamusi. Dakika kumi na tano za mwisho usiongeze hata neno. Soma karatasi mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja tu: kwanza kila kitenzi na mtenda wake, pili kila kivumishi na nomino yake, tatu alama za juu ya herufi, hasa *a* na *à*, *ou* na *où*. Ukijaribu kutafuta vyote kwa mpigo mmoja, jicho litasoma ulichokusudia na kuruka ulichoandika.