Somo: Kuitafuta EAAT2 ya ubongo kwa kingamwili

Wengi wanaoanza kuipima protini ya EAAT2 kwa western blot (protini hutenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, kisha hutafutwa kwa kingamwili) hulalamika kitu kilekile: maelezo ya kingamwili yanasema mstari utatokea karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 62 hadi 70, wao wanaona doa zito juu kabisa ya jeli na chini hakuna kitu. Wanailaumu kingamwili. Mara nyingi sampuli ndiyo iliyoharibika, tena kabla chupa ya kingamwili haijafunguliwa.

EAAT2, ambayo kwa panya huitwa GLT-1, ndiyo inayozoa sehemu kubwa ya glutameti, kemikali ya kusisimua neva, inayomwagwa kati ya seli za ubongo. Ikikosekana, neva husisimka kupita kiasi. Panya waliozimwa jeni yake, katika utafiti uliotoka 1997, walipata degedege hadi wakafa. Hukaa hasa kwenye utando wa astrosaiti (seli zinazohudumia neva), na hushikana tatutatu. Huko kushikana ndiko kunakotusumbua.

Hatua ya 1. Chukua hipokampasi au gamba la ubongo, saga kwenye bafa yenye SDS (sabuni kali) asilimia 1 na dawa za kuzuia vimeng'enya vinavyokata protini. Bafa hiyo usiiweke kwenye barafu, SDS itaganda na kuwa chenga nyeupe. Ukitumia sabuni dhaifu, usikimbilie kuzungusha kwenye mashine na kuchukua maji ya juu pekee, maana protini ya utando inaweza kubaki kwenye mashapo unayotupa.

Hatua ya 2, na hapa nitakaa kidogo. USICHEMSHE. Mazoea yetu ya dakika 5 kwenye nyuzi 95 yanafaa protini kama aktini, lakini protini za utando za namna hii zikichemshwa hugandamana na kukwama mwanzoni mwa jeli. Ongeza DTT mpya (iliyokaa mezani wiki nzima haina nguvu), kisha weka sampuli kwenye nyuzi 37 kwa dakika 20 hivi. DTT inavunja vifungo vinavyotokea hewa inapoila protini.

Hatua ya 3. Jeli ya asilimia 8 au 10. Mikrogramu 5 hadi 10 za ubongo zinatosha, protini hii ni nyingi mno. Ukijaza sana unajitafutia doa.

Hatua ya 4. Hamishia kwenye karatasi ya PVDF, ziba kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5. Kingamwili ya kwanza ilale nayo usiku kucha kwenye nyuzi 4. Jaribu viwango kadhaa vya kuizimua, 1:1000 hadi 1:10,000. Osha mara tatu, weka kingamwili ya pili, inayoishika ya kwanza, saa moja, osha tena, piga picha. Bafa ya kingamwili ya pili isiwe na azidi ya sodiamu, inaua HRP, kimeng'enya kilichofungwa kwenye kingamwili hiyo ili mstari uonekane.

MASWALI

Swali: Mkuu, naweza kukata karatasi kwenye kilodaltoni 100, juu nipimie protini nyingine?
Jibu: Acha kwanza. Mistari ya karibu na 130 na 190 inaweza kuwa EAAT2 zilizoshikana mbilimbili na tatutatu. Ukiikata, umetupa sehemu ya jibu.

Swali: Kingamwili yangu ya kwanza imetengenezwa kwa simbilisi. Kingamwili ya pili ya kushika za sungura itafaa?
Jibu: Haifai, dada. Tafuta inayoshika za simbilisi.

Swali: Niliichanganya kingamwili na peptidi yake (kipande cha protini kilichotumika kuitengeneza), mstari ukapotea. Si nimethibitisha?
Jibu: Umethibitisha kwamba inashika hiyo peptidi. Protini nyingine yenye kipande kinachofanana nayo ingepotea vilevile. Kipimo cha kuaminika ni ubongo wa panya asiye na jeni hiyo. Kama huna, weka seli za HEK293 (seli za binadamu zinazokuzwa maabara) zilizopandikizwa EAAT2 kando ya zisizopandikizwa. Serebela (sehemu ya nyuma ya ubongo) pia isaidie: GLT-1 huko ni kidogo kuliko kwenye hipokampasi, kwa hiyo mstari ukilingana kote, shaka ianze.

Swali: Nina ubongo wa marehemu, ulikaa saa kadhaa kabla ya kugandishwa.
Jibu: Ncha za protini hii hukatwa mapema baada ya kifo. Kingamwili inayoshika ncha ya C (mwisho wa mnyororo wa protini) inaweza kukuonyesha upungufu ambao mgonjwa hakuwa nao akiwa hai. Pima pia kwa inayoshika sehemu ya katikati, na linganisha ubongo uliokaa muda sawa. Halafu angalia kama yako ni ya GLT-1a au GLT-1b (aina mbili za protini hii), maana ncha zao za C si moja.