Jinsi ya Kukokotoa kwa Kitabu cha Logi

Kabla vikokotoo vya mfukoni havijaenea, hesabu nzito za mhandisi, mpima ardhi na nahodha zilifanywa kwa penseli, karatasi na kitabu cha majedwali ya logi (logarithimu) kilichokaa mezani kando ya rula na bikari. Kikokotoo cha HP-35, ambacho kilikuwa cha kwanza cha mfukoni kutoa logi na saini ya pembe kwa kubonyeza kitufe, kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1972 kwa dola 395, bei ambayo watu wengi hawakuimudu. Kwetu Afrika Mashariki kitabu cha logi kiliendelea kubebwa mkobani kwa miaka mingi baada ya hapo, na hata katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yameendelea kutungwa maswali yanayomtaka mtahiniwa akokotoe kwa logi.

Ninaandika maelezo haya kwa ajili ya aliyewahi kuijua kazi hii akaisahau, na kwa ajili ya kijana ambaye hajawahi kuifanya. Ninaipenda kwa sababu moja kubwa: kila hatua hubaki imeandikwa, hivyo mtu mwingine anaweza kuipitia hesabu yako mstari kwa mstari na kukuonyesha mahali ulipokosea, ilhali kikokotoo humpa jibu tupu.

Msingi wake ni mwepesi. Logi ya namba ni kipeo ambacho 10 ikipandishwa hutoa namba hiyo. Kwa hiyo logi ya 100 ni 2, na logi ya 1,000 ni 3. Namba zikizidishwa vipeo vyake hujumlishwa, na zikigawanywa vipeo vyake hutolewa. John Napier wa Uskoti alichapisha majedwali yake mwaka 1614, kisha Henry Briggs wa Uingereza akayageuza yawe ya kizio cha 10, na mwaka 1617 akatoa logi za namba 1 hadi 1,000, zote zikiwa zimekokotolewa kwa mkono.

Chukua kitabu cha tarakimu nne, penseli iliyochongwa vizuri na rula. Rula hiyo iweke chini ya mstari unaousoma, kwa maana tarakimu zimesongamana na jicho huteleza kwa urahisi hadi mstari wa chini yake.

Tuseme unataka kujua zege la sakafu yenye eneo la mita za mraba 47.38 na unene wa mita 0.0625. Anza na 47.38. Logi yake ina sehemu mbili. Sehemu nzima huipati kitabuni, bali unaitambua mwenyewe: andika namba kama 4.738 × 10¹, na hicho kipeo 1 ndicho sehemu nzima. Sehemu ya desimali, yaani mantisa, ndiyo inayotafutwa katika jedwali. Safu ya kwanza kushoto ina namba 10 hadi 99. Teremka mpaka 47, weka rula, kisha nenda kulia hadi safu yenye 3 juu yake. Utakuta 6749. Ukiendelea kulia zaidi kuna safu tisa nyembamba za tofauti, ambazo ni za tarakimu ya nne. Chini ya 8, katika mstari uleule wa 47, pana 7. Jumlisha 6749 na 7 upate 6756. Logi ya 47.38 ni 1.6756.

Sasa 0.0625, ambayo ni 6.25 × 10⁻². Mstari wa 62, safu ya 5, unatoa 7959, na tarakimu ya nne haipo, kwa hiyo safu za tofauti hazihitajiki. Hapa ndipo wengi hukwama. Sehemu nzima ni hasi 2, lakini mantisa inabaki kuwa chanya, na kwa kuwa alama ya kutoa ikiwekwa mbele ingezifanya zote mbili kuwa hasi, mstari mdogo huwekwa juu ya 2 peke yake: 2̄.7959. Husomwa "baa mbili nukta saba tisa tano tisa". Anayeelewa kwamba maana yake ni −2 + 0.7959 hatapotea kamwe katika hesabu zinazofuata.

Panga kazi katika safu mbili, namba kushoto na logi kulia:

47.38 → 1.6756
0.0625 → 2̄.7959
Jumla → 0.4715

Mantisa mbili zinatoa 1.4715, ile 1 inabebwa, na 1 + 1 − 2 ni 0. Fungua sasa jedwali la antilogi, linaloigeuza logi iwe namba tena, mstari wa .47, safu ya 1, usome 2958, kisha uongeze 3 ya tofauti iliyo chini ya 5. Inakuwa 2961, na kwa kuwa sehemu nzima ni 0, jibu ni 2.961. Sakafu inahitaji mita za ujazo 2.961 za zege.

Kutafuta vipeuo ndiko kunakoonyesha uzuri wa njia hii. Fundi anataka tangi la umbo la mchemraba litakalochukua lita 62.5, yaani mita za ujazo 0.0625, na anauliza upande wake uwe na urefu gani. Tunahitaji kipeuo cha tatu, yaani urefu ambao ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu (urefu × urefu × urefu) hutoa 0.0625, kwa hiyo logi igawanywe kwa 3. Baa 2 haigawanyiki kwa 3 bila baki, basi ikope 1: andika 3̄ + 1.7959, ambayo thamani yake ni ileile. Ukigawanya unapata 1̄.5986, na antilogi ya mantisa hiyo ni 3968. Upande wa tangi ni mita 0.3968, karibu sentimita 39.7. Hesabu ambayo kwa njia ya kawaida ingejaza ukurasa imekwisha kwa mistari mitatu.

Ili kuhakiki, rudi kinyume. Logi ya 2.961 ukiitafuta utapata 0.4714, wakati jumla yetu ilikuwa 0.4715. Tofauti ya 1 katika tarakimu ya mwisho ni ya kawaida kwa sababu majedwali yenyewe yamekadiriwa. Ikizidi 2 au 3, anza kukagua safu yako ya logi kuanzia juu.

Ukinunua kitabu kilichotumika, utaona huenda kurasa za mwanzo zimechakaa kuliko za mwisho. Mwanaastronomia Simon Newcomb aliliona jambo hilo mwaka 1881 akatambua kwamba namba zinazoanza na 1 hutokea mara nyingi zaidi katika vipimo vya kawaida, takriban 30 kwa kila 100. Hakikisha basi kurasa hizo hazijachanika. Kurasa za antilogi zikikosekana kitabu bado kinafaa: itafute mantisa ndani ya jedwali la logi, kisha usome namba yake kwenye ukingo wa kushoto na wa juu.