Vitonge vya mayai kwa chai ya asubuhi: vya boksi au vya sufuria yako?

Tangu nipate akili, mama yangu chai yake ya asubuhi ilikuwa maandazi na mbaazi za nazi. Sukari ilipompanda, kliniki wakamwambia apunguze wanga, na asubuhi ndiyo ikawa mtihani. Mchana unaweza kumwekea samaki wa kuchoma na mchicha akala akashiba. Lakini asubuhi, Tanga hii, utampa nini kisichokuwa na unga? Mayai ya kuchemsha alikula wiki mbili, ya tatu akayakinai.

Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika na vitonge vya mayai, vile ambavyo Wamarekani wanaviita egg bites. Mimi kazi yangu ni kupikia watu chai ya asubuhi hapa Ngamiani, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Nimekula vya boksi, nimepika vyangu vikaharibika, nimepika tena mpaka vikakubali. Ninachoandika hapa ndicho ninachofanya kila Jumapili jioni.

Kitonge cha mayai ni mayai yaliyosagwa pamoja na jibini laini, yakatiwa kwenye kikombe kidogo na kupikwa polepole mpaka yakashikana laini kama kastadi. Vilivuma zaidi mwaka 2017, Starbucks walipoanza kuviuza kwenye migahawa yao Marekani. Siku hizi vipo vya maboksi vya kampuni mbalimbali, vimegandishwa, kazi yako ni kupasha tu.

Kwanza tulitazame boksi

Wifi yangu anaishi Dar es Salaam na ndiye aliyeninunulia boksi la kwanza. Lilisafiri kwa basi ndani ya kindoo cha barafu, na hadi nalipokea stendi ya Kange barafu yote ilikuwa maji na vitonge vimelegea. Chakula cha mayai kilichoyeyuka njiani bila kujua ni saa ngapi zimepita hakiliwi. Nilikitupa, na roho iliniuma. La pili alilileta mwenyewe kwa gari, bado limeganda, nikaonja.

Niseme kweli: ulaini wa vile vitonge ni mzuri sana. Siri yake ni moto. Mayai yaliyochanganywa na maziwa au jibini hushikana kwenye nyuzi joto 80 hivi. Yakipita 85 yanaanza kujikunja na kutema maji. Kiwandani wana mitambo ya kushikilia joto pale pale wanapotaka, sisi tuna jiko la gesi au la mkaa, na maji yanayotokota ni nyuzi 100. Nitarudi kwenye hili, maana ndilo linalowashinda wengi.

Sasa geuza boksi usome nyuma. Pakiti ya viwili vya jibini inaweza kuwa na wanga wa gramu 9 hivi. Yai lenyewe halifikishi hata gramu moja, basi nyingine zimetoka wapi? Mara nyingi ni wanga wa mahindi, wa mchele au wa viazi, unaotiwa ili kitonge kisitoe maji kikigandishwa na kuyeyuka. Si sumu, lakini kama unapika kwa sababu ya kupunguza wanga, hicho ndicho ulichokuwa unakikimbia. Maboksi mengi yameandikwa Kiingereza: tafuta maneno starch, flour, tapioca na maltodextrin. Tazama na chumvi. Na kwa sisi Waislamu, angalia kama kuna bacon au ham, maana vingi vina nyama ya nguruwe.

Na vya kununua hapa hapa mtaani? Egichopu ni tamu, ila lile ganda lake la nje mara nyingi lina chenga za mkate. Chipsi mayai ni viazi. Lakini yai la kuchemsha la yule kijana anayepita na trei na kachumbari, hilo halina tatizo lolote, na siku ya haraka bora ule mawili ya kwake kuliko kuhangaika na boksi la kutoka mbali.

Vyangu mimi, kwa vipimo nitakavyokupa, kila kitonge kina wanga wa gramu moja na kidogo, na protini kama gramu 6. Chapati moja ya maji au ya kusukuma inaweza kukupa wanga wa gramu 30 na zaidi.

Mahitaji ya vitonge 8

Mayai 6 ya kisasa. Kama ni ya kienyeji weka 8, kwa sababu ni madogo. Maziwa lita 1 na ndimu 2 au 3 za kutengenezea jibini. Chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga, kitunguu kidogo, nusu ya pilipili hoho, fungu la mchicha, kotmiri. Ukipenda, kipande cha jodari. Samli au mafuta ya nazi ya kupaka. Trei ya mayai 30 inakupa vitonge 40, kwa hiyo piga hesabu ya gharama kwa bei ya mtaani kwako ulinganishe na boksi.

Hatua ya 1: Tengeneza jibini laini

Mapishi ya Marekani yanataka cottage cheese, na mimi Soko la Mgandini sijawahi kuikuta. Hamna neno, inatengenezeka nyumbani kwa nusu saa. Chukua maziwa freshi yasiyopunguzwa mafuta, yachemshe. Yakianza kupanda punguza moto, kisha mimina maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja huku unakoroga taratibu. Usimimine yote kwa mkupuo, jibini litakuwa gumu na chachu. Utaona maziwa yanakatika: mabonge meupe huku, maji huku. Maji yakiwa ya kijani-njano na yanaangaza, acha ndimu, zima moto.

Mimina kwenye kitambaa cha kuchujia tui, suuza kwa maji safi kidogo kuondoa uchachu, ning'iniza dakika 10 hadi 15. Usikamue mpaka likauke. Unataka lifanane na machicha ya nazi ambayo bado yana unyevu. Sehemu kubwa ya sukari ya maziwa inaondoka na yale maji, ndiyo maana jibini hili linafaa kwa anayepunguza wanga na glasi ya maziwa haifai sana. Lita moja inatoa gramu 150 hadi 200. Tunahitaji gramu 100, kama nusu kikombe cha chai. Linalobaki weka kwenye friji, ule ndani ya siku tatu.

Asiyepatana na maziwa atumie kasimele, lile tui zito la kwanza, mililita 80 hivi. Vitonge vinakuwa laini zaidi na vina harufu ya Pwani yetu. Ukiwa na jibini gumu la Irente, Lushoto, kwaruza vijiko viwili juu, na upunguze chumvi.

Hatua ya 2: Ondoa maji kwenye mboga

Mboga mbichi inatoa maji ndani ya kitonge, chini kunakuwa na kidimbwi. Chemsha mchicha dakika 2, uache upoe, ukamue kwa mkono mpaka tone lisitoke, ukate. Kitunguu na hoho vikaange kidogo. Nyanya sizitii, wewe ukitaka, toa mbegu zote. Jodari nachemsha kwa ndimu, chumvi na tangawizi, namchambua. Jumla ya mboga na samaki isizidi kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe, ukizidisha kitonge hakishikani.

Hatua ya 3: Saga

Vunja kila yai kwenye bakuli la pembeni kwanza, ndipo umimine kwa wenzake. Yai moja bovu linatosha kukutupisha sita. Tia kwenye blenda pamoja na jibini, chumvi na pilipili manga, saga sekunde 20, basi. Ukisaga sana unajaza hewa. Acha mchanganyiko utulie dakika 10, engua povu juu. Umeme ukikatika, pitisha jibini kwenye chujio ukilisukuma kwa kijiko, kisha piga pamoja na mayai kwa uma.

Hatua ya 4: Vikombe

Sina vile vyombo maalumu vya silikoni. Natumia vikombe vya kahawa, vile vile vya kaure vya kunywea kahawa chungu barazani. Vinaingia mililita 80 hivi, na kaure haipitishi joto kwa pupa kama bati. Paka samli ndani mpaka ukingoni, tia mboga chini, mimina mayai hadi robo tatu, nyunyiza kotmiri.

Hatua ya 5: Moto

Hapa ndipo kitonge kinapopona au kinapoharibika, soma polepole.

Chukua sufuria pana yenye mfuniko. Tandika kitambaa chini, panga vikombe visigusane, mimina maji ya moto pembeni mpaka yafike nusu ya urefu wa vikombe. Washa moto. Viputo vidogo vikianza kupanda, punguza gesi mpaka mwisho. Kama ni mkaa, toa makaa mengine na yaliyobaki yafunike jivu. Mfuniko uzungushie kitambaa safi, ncha zake uzifunge juu zisifikie moto, ili matone ya mvuke yasidondokee mayai. Halafu laza mwiko ukingoni mwa sufuria, mfuniko ukae juu yake, pabaki mwanya mdogo. Mwanya huo ndio unaozuia joto kupanda mno.

Sasa sikiliza. Ukisikia vikombe vinagongana kama vya muuza kahawa anayepita mtaani, moto ni mkubwa. Toa sufuria jikoni, subiri dakika moja, urudishe kwa moto mdogo zaidi. Sufuria iliyo sawa inanong'ona tu.

Mara ya kwanza mimi niliacha maji yatokote, nikiamini moto mkali utaniwahisha. Vitonge viliumuka vizuri, nikafurahi, nikampelekea mama. Akakibonyeza kimoja kwa kidole, maji yakatoka. “Mwanangu,” akasema, “hili mbona kama sifongo?” Nilipokata niliona vitundu tele ndani. Vile vitundu ni mvuke uliochemkia ndani ya yai, na yale maji ni yai limekazwa mpaka likatema kila kilichokuwamo. Hakuna dawa baada ya hapo.

Angalia baada ya dakika 15. Tikisa kikombe: katikati pacheze kidogo lakini pasiwe na majimaji. Kisu kikichomekwa kitoke na unyevu bila yai bichi. Mwenye kipimajoto ahakikishe katikati imefika angalau nyuzi 71. Kwangu huwa dakika 15 hadi 20. Mwenye oveni aweke nyuzi 150, vikombe ndani ya trei ya maji ya moto, dakika 25 hadi 30.

Hatua ya 6: Kutoa

Acha vipoe dakika 5, pitisha kisu chembamba pembeni, pindua. Vitasinyaa kidogo, ni kawaida.

Hatua ya 7: Kuhifadhi na kupasha

Joto letu la Januari si la kuchezea. Vitonge visikae nje zaidi ya saa 2, na siku inayopita nyuzi 32 usizidishe saa 1. Vikipoa viingie friji, vikae siku 3 hadi 4. Kwenye friza funga kimoja kimoja, vitakwenda hata miezi miwili, ingawa visivyo na wanga wa kushikilia maji vinalegea kidogo vikiyeyuka. Hapo vya boksi vinanishinda, kwa hiyo napika vya siku nne tu. Kupasha, mvuke dakika 5. Kwenye maikrowevu choma kitonge kwa uma kwanza kisije kikapasuka, weka nusu ya nguvu, vitonge viwili sekunde 40 kisha uvipime kwa kidole.

Neno moja kwa mwenye kisukari. Kama unachoma insulini au unameza dawa za kushusha sukari, usikate wanga wa asubuhi ghafla bila kumwambia daktari wako. Dawa ile ile kwa chakula kidogo cha wanga inaweza kukushusha sukari mpaka ukatetemeka na kuanguka. Sisi tulikwenda na daftari la vipimo vya wiki mbili, dozi ikaangaliwa upya kwanza.

Mama anakula vitatu, na kachumbari ya matango yenye ndimu, na chai ya rangi ya mchaichai bila sukari. Ijumaa anaziulizia mbaazi zake. Nampimia vijiko vitatu kwenye kisahani, bila andazi, naye anavila polepole kuliko zamani.